Herufi Tisa, Nafasi Kumi

Ngaremara ni herufi tisa. Mwanaprogramu anayeandika kwa lugha ya C akilitengea jina hilo baiti tisa, ameshakosea, kwa sababu katika lugha hiyo maandishi yote hufungwa kwa baiti moja ya sifuri inayoiambia kompyuta kwamba maneno yameishia hapo. Herufi tisa zinataka nafasi kumi. Akifungua orodha ya wadi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) atakuta jina lilelile limeandikwa kwa maneno mawili, Ngare Mara, na hapo herufi pamoja na pengo zinakuwa kumi, na nafasi zinazotakiwa ni kumi na moja. Wadi hiyo iko kaskazini mwa mji wa Isiolo, kwenye barabara iendayo Archers Post, Marsabit na hatimaye Moyale. Ni moja kati ya wadi saba za eneo bunge la Isiolo Kaskazini, na moja kati ya wadi 1,450 za nchi nzima. Programu yoyote inayokusudia kuwahudumia Wakenya wote lazima iweze kuliandika jina lake, kulihifadhi na kulisoma tena bila kupoteza hata herufi moja.

Jambo hilo si jepesi kama linavyoonekana, na ugumu wake unaanzia mahali ambapo watumiaji hawapaoni kabisa: pale programu inapozungumza na mfumo endeshi, uwe Windows, Linux au Android. Programu ikitaka kujua jina la kompyuta, jina la aliyeingia, folda inayofanyiwa kazi, kichwa cha dirisha au maneno yaliyomo kwenye faili, huiita fankisheni ya mfumo na kuikabidhi bafa, yaani eneo la memori lililotengwa kwa ukubwa maalum ili jibu liandikwe humo. Programu haijui jibu litakuwa na urefu gani. Mfumo nao haujui ukubwa wa bafa mpaka uambiwe. Kati ya hawa wawili pana mkataba, na mkataba huo una maswali manne. Ni nani anayehesabu? Anahesabu nini, baiti au herufi? Je, ile sifuri ya mwisho imo kwenye hesabu? Na maandishi yasipoenea, inakuwaje?

Ukisoma maelezo ya fankisheni za mifumo endeshi ukiwa na maswali hayo mkononi, utagundua kwamba zimeyajibu kwa njia nyingi zisizopatana, wakati mwingine ndani ya mfumo uleule. Mkanganyiko huo ndio chanzo cha madhara ya aina mbili. La kwanza ni kufurika: maandishi yanapita ukingo wa bafa na kuvuruga memori ya jirani. La pili ni kukatwa: maandishi yanapunguzwa ili yaenee, na programu inaendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Vitabu vya usalama wa kompyuta vimejaa habari za madhara ya kwanza. Mimi naamini kwamba kwa mfugaji wa Ngaremara, ambaye jina lake, simu yake na idadi ya mifugo yake vimo ndani ya mifumo ya watu wengine, la pili ndilo linalomgusa zaidi, na ndilo lililopuuzwa zaidi.

Kufurika kwenyewe kuna historia inayojulikana. Fankisheni gets ya lugha ya C ilipokea anwani ya bafa bila kuuliza ukubwa wake, ikaandika kila kilichoingia mpaka mwisho wa mstari. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe, uliosambaa kwenye kompyuta za Unix kwa njia kadhaa. Mojawapo ilikuwa huduma iitwayo finger, iliyosoma ombi la mgeni kwa kutumia gets ndani ya bafa ya baiti 512. Mnyoo ulituma baiti 536. Zile 24 za ziada zilifunika sehemu ya memori iliyohifadhi anwani ambayo programu ingerejea baada ya kumaliza kazi, na kompyuta ikaanza kutii amri za mgeni. Ilichukua miaka 23 kabla ya gets kuondolewa rasmi, katika toleo la C la mwaka 2011. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 25 Januari 2003, mnyoo mwingine, Slammer, ulipita kwenye programu ya hifadhidata ya Microsoft kwa kifurushi kimoja kilichobeba baiti 376 tu, ukaambukiza makumi ya maelfu ya seva, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika kumi za kwanza. Dawa ya udhaifu huo ilikuwa imetolewa miezi sita kabla.

Tangu hapo mifumo endeshi na zana za kutengenezea programu zimejiwekea kinga. Huweka thamani za siri kando ya anwani za kurejea ili kugundua zikivurugwa, hukataza amri kutekelezwa mahali palipotengwa kwa data, na huhamishahamisha mahali vitu vinapokaa kwenye memori. Kufurika bado kupo, lakini mara nyingi siku hizi kunaishia programu ikizimika, na programu iliyozimika hutafutiwa fundi. Aliyekatwa jina hatafutiwi fundi, maana hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Kukata kuliletwa kama tiba ya kufurika. Wanaprogramu waliambiwa waache strcpy, fankisheni ya kunakili maandishi isiyojali ukubwa, watumie strncpy, inayopewa kikomo. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini strncpy haikubuniwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya folda za Unix za zamani, ambamo jina la faili lilikuwa na nafasi 14 zisizozidi wala kupungua: jina fupi lilijazwa sifuri mpaka mwisho, na jina la herufi 14 kamili halikuwekewa sifuri hata moja, kwa kuwa kila mtu alijua mwisho uko wapi. Ukiitumia fankisheni hiyo kwa maandishi ya kawaida, jina likiwa refu kuliko kikomo, unapata maneno yasiyo na kifungo. Msomaji wake atapitiliza kwenye memori ya jirani mpaka akutane na sifuri ya bahati. Kwa hiyo tiba inaweza kukata jina na papo hapo kuurudisha ugonjwa ule ule uliokimbiwa.

Namna mbili za kulikabili tatizo zinaonekana bayana ndani ya Linux yenyewe. Kila uzi wa programu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani yake, una jina lisilozidi baiti 16, sifuri ikiwemo. Wito wa prctl ukipewa jina refu zaidi hulikata kimya kimya na kujibu kwamba mambo ni sawa. Fankisheni pthread_setname_np, inayofanya kazi hiyo hiyo, hulikataa jina na kurudisha hitilafu ya ERANGE. Ni mfumo mmoja, kitu kimoja na kikomo kimoja, lakini mmoja kati ya wawili hawa ndiye aliyemwambia mwitaji ukweli. Kwa hukumu yangu, wa pili ndiye aliyefanya kazi yake.

Tuuchukue mfano hadi Ngaremara. Tuseme ofisi moja hapo ina kompyuta mbili za Windows, na aliyezifunga akaziita NGAREMARA-OFISI1 na NGAREMARA-OFISI2. Mbali na jina kamili, Windows huipa kila kompyuta jina la NetBIOS, ambalo lina nafasi 16: kumi na tano za jina lenyewe na moja ya kuonyesha aina ya huduma. Hesabu sasa. NGAREMARA inachukua tisa, kistari cha kumi, OFISI inafika kumi na tano. Tarakimu inayozitofautisha imeangukia nafasi ya 16, na inakatwa. Kompyuta zote mbili zinakuwa NGAREMARA-OFISI. Anayebadilisha jina kwenye dirisha la mipangilio huonywa kwamba jina litafupishwa, na hapo Windows inastahili kusifiwa. Lakini programu inayotumia fankisheni GetComputerName kuulizia jina hupewa lile lililofupishwa, na kama mwandishi wake alilichagua jina hilo kuwa ufunguo wa kutofautisha rekodi za ofisi moja na nyingine, rekodi zitachanganyika bila mtu yeyote kuona ujumbe wa kosa.

Hapo ndipo ubaya wa kukata unapojitokeza. Kinachokatwa ni mkia, na katika majina yetu ya mahali tofauti mara nyingi imo kwenye mkia: Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini, Shule ya Msingi na Shule ya Sekondari, Kikundi A na Kikundi B. Majina mawili yaliyokuwa tofauti yakikatwa mahali pamoja huwa jina moja. Mwenye haki ya msaada anaonekana ameshapewa, kwa sababu aliyepewa ana herufi za mwanzo kama zake.

Kuna kukata kwingine ambako hakupotezi kitu, lakini hukiweka mahali pasipo pake. Fankisheni fgets husoma mstari kutoka kwenye faili mpaka mstari uishe au bafa ijae, lipi litangulie. Bafa ikijaa kwanza, mabaki ya mstari hayatupwi. Hubaki yakingoja, na usomaji unaofuata huyachukua kana kwamba ni mstari mpya. Orodha ya wafugaji yenye jina, namba ya simu na idadi ya mbuzi ikisomwa hivyo, mtu mmoja mwenye majina marefu anageuka watu wawili: wa kwanza hana mbuzi, wa pili hana jina. Mwanaprogramu makini hukagua kama alama ya mwisho wa mstari imepatikana. Ni ukaguzi wa mstari mmoja wa programu, na mara nyingi haupo.

Swali la nne la mkataba, lile la inakuwaje maandishi yasipoenea, hujibiwa kupitia thamani ambayo fankisheni huirudisha, na hapa ndipo palipo na mitego mingi. Tuanze na folda ya sasa. Kwenye Unix na Linux, getcwd ikikuta bafa ni ndogo haiandiki nusu ya jibu. Inarudisha thamani tupu na hitilafu ya ERANGE. Mwenye programu huongeza bafa na kuuliza tena. Kwenye Windows, GetCurrentDirectory ikifaulu hurudisha idadi ya herufi ilizoandika bila kuihesabu sifuri ya mwisho, na bafa ikiwa ndogo hurudisha ukubwa unaohitajika, safari hii sifuri ikiwemo. Namba moja imebebeshwa maana mbili, na tofauti huonekana tu kwa anayeilinganisha na ukubwa wa bafa aliyoitoa. Asiyelinganisha atadhani amepata folda, kumbe amepata bafa isiyo na jibu.

GetModuleFileName, inayoeleza faili ya programu iko wapi, ilikuwa mbaya zaidi: kwenye Windows XP ilikata jibu na haikuweka sifuri mwishoni. Matoleo yaliyofuata yanakata bado, ila yanaweka sifuri na kuacha alama ya hitilafu kwa atakayeiulizia. Kwenye Unix, readlink, inayosoma kiungo cha faili, haiweki sifuri kamwe na hukata bila kusema neno. Njia ya kujikinga ni kuwa na shaka: ukitoa nafasi 100 na ukajibiwa kwamba zimejazwa 100, chukulia kwamba kuna kilichobaki nje, toa nafasi 200, uulize upya. Gethostname nayo, kwa viwango vya POSIX, ikikata jina haijaahidi kama itaweka sifuri au la. Mtu anayetaka programu yake ifanye kazi kila mahali lazima aweke sifuri yeye mwenyewe kwenye nafasi ya mwisho, kisha ajiulize kama jina alilopata ni zima.

Katika ukoo huu wote, ninayoipendekeza kwa anayeunganisha maneno ni snprintf, iliyoingia kwenye viwango vya C mwaka 1999. Haipiti kikomo, huweka sifuri daima mradi kuna nafasi hata moja, na hurudisha urefu ambao maandishi yangekuwa nao kama nafasi ingetosha. Jibu likiwa sawa na ukubwa wa bafa au likizidi, unajua kwamba yamekatwa, na unajua pia ulihitaji nafasi ngapi. Lakini hata hapa palikuwa na pacha wa uongo. Kwa miaka mingi Microsoft ilitoa _snprintf, iliyoanza na kistari chini, ambayo iliacha maandishi bila sifuri yasipoenea. Snprintf inayofuata viwango ilikuja na Visual Studio ya 2015. Programu iliyohamishwa kutoka Linux kwenda Windows kabla ya hapo ilibadilika tabia kwa kistari kimoja.

Mvutano kuhusu strlcpy unaonyesha jinsi wataalamu wenyewe walivyogawanyika. Todd Miller na Theo de Raadt waliileta kwenye OpenBSD mwaka 1998: inanakili kwa kikomo, inaweka sifuri, na inarudisha urefu wa maandishi asilia ili mwitaji ajue kama yamekatwa. Waliosimamia maktaba ya C ya GNU waliikataa kwa zaidi ya miaka ishirini, hoja kubwa ikiwa kwamba inamzoeza mwanaprogramu kukata bila kufikiri. Waliikubali katika toleo la 2.38, mwaka 2023. Nawaelewa waliopinga, kwa kuwa hoja yao ilikuwa ya kweli: wengi huita strlcpy na kuitupa ile thamani inayorudishwa. Hata hivyo walikosea, kwa sababu walionyimwa chombo hicho waliendelea kutumia strncpy, ambayo hukata pia lakini haimpi mwitaji habari yoyote.

Sasa tufike kwenye swali la anahesabu nini, ambalo kwa lugha zetu ndilo tamu na ndilo chungu. Kiswahili kwa herufi za Kilatini kinaonekana hakina tabu: kila herufi baiti moja. Ndivyo ilivyo mpaka tukutane na ritifaa. Murang'a ikiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ni baiti nane. Lakini programu nyingi za kuandikia hati hubadilisha ritifaa hiyo zenyewe na kuweka iliyopinda, ambayo katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huchukua baiti tatu. Jina linaloonekana vilevile kwa macho limekuwa baiti kumi, na kwa sifuri ya mwisho kumi na moja. Bafa iliyopimwa kwa kuhesabu herufi za jina hilo kwa kidole haitoshi.

Athari yake hufika mpaka kwenye simu za mkononi. Ujumbe mfupi wa simu, huu wa kawaida usiohitaji intaneti, ni bafa ya ukubwa maalum ambayo kila Mkenya ameishi nayo: baiti 140. Zikigawanywa kwa herufi za biti saba za alfabeti ya GSM zinatoa herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, kwenye ng'ombe mmoja, ujumbe mzima unahamia mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe ukigawanywa vipande, kila kipande hupoteza nafasi kidogo za kuunganishia, hubaki 153 kwa alfabeti ya kawaida na 67 kwa ile pana. Basi tangazo la herufi 150 kuhusu chanjo ya ng'ombe, ambalo lingekwenda kama ujumbe mmoja, linahesabiwa tatu. Shirika linalotuma kwa wafugaji wa wadi nzima linalipa mara tatu bila kujua ni kwa nini, na mfumo wa kutuma wenye bafa ya ujumbe mmoja tu unaweza kufikisha nusu ya tangazo: siku ya chanjo imefika, mahali hapajafika.

Ukifuata barabara inayopita Ngaremara mpaka mpakani, hesabu inabadilika tena. Moyale kwa herufi za Kilatini ni herufi sita, baiti sita. Upande wa Ethiopia, kwa fideli, yaani herufi za Kiamhari, jina hilo ni herufi tatu, lakini kila moja ni baiti tatu katika UTF-8, jumla tisa. Herufi zimepungua, baiti zimeongezeka. Majina ya Kiarabu yanachukua baiti mbili kwa kila herufi. Fankisheni inayokata kwa kuhesabu baiti inaweza kuipasua fideli katikati, ikaacha kipande kisicho herufi ya lugha yoyote, na programu itakayokisoma baadaye itakikataa au itaweka alama ya kuuliza. Anayelazimika kukata ana wajibu wa kurudi nyuma mpaka mpaka wa herufi nzima.

Kwenye Windows mkanganyiko wa vipimo una sura yake. Maandishi ndani ya mfumo huo hutumia angalau baiti mbili kwa herufi, kwa hiyo Ngare Mara ni nafasi 11 pamoja na sifuri, lakini baiti 22. Fankisheni kadhaa, kama zile za kusoma kichwa cha dirisha, huuliza idadi ya herufi. Zile za kusoma sajili ya Windows huuliza baiti. Mwanaprogramu akiitumia namba 22 pale panapotakiwa 11, mfumo unaamini kwamba bafa ni kubwa mara mbili, na tunarudi kwenye kufurika kwa mwaka 1988.

Njia ya kawaida ya kukwepa kukisia ni kuuliza mara mbili: kwanza urefu, kisha kutenga bafa inayotosha, kisha maandishi yenyewe. Ni njia nzuri, ila ina ufa. Kati ya swali la kwanza na la pili, programu nyingine inaweza kubadilisha jibu. Kichwa cha dirisha kinarefushwa, folda inapewa jina jipya, na bafa iliyotosha sasa haitoshi. Kwa hiyo kuuliza kuwe ndani ya mzunguko: ikishindikana, ongeza, rudia, na weka ukomo wa juu ili mtu mwenye nia mbaya asikufanye utenge memori yote ya mashine. Sajili ya Windows ina ufa mwingine unaostahili kutajwa: fankisheni ya zamani RegQueryValueEx inaweza kurudisha maandishi yasiyo na sifuri kwa sababu aliyeyahifadhi hakuiweka. RegGetValue iliongezwa baadaye ili kuhakikisha sifuri ipo.

Majina ya faili yanastahili sentensi chache. Windows kwa muda mrefu iliiwekea njia ya faili kikomo cha herufi 260, sifuri ikiwemo, na tangu Windows 10 ya mwaka 2016 programu inaweza kuomba kuvuka kikomo hicho. Linux huruhusu baiti 255 kwa jina moja. Lakini urefu si hatari pekee. Wadi nyingine ya Isiolo Kaskazini, Oldonyiro, imeandikwa katika orodha ya IEBC kama Oldo/Nyiro, na kwa mfumo endeshi mkwaju ule ni ukuta kati ya folda na faili. Programu inayoipa kila ripoti jina la wadi yake itaitafuta folda iitwayo Oldo ambayo haipo, na ripoti ya wadi hiyo moja haitahifadhiwa.

Je, lugha mpya za programu zimeliondoa tatizo? Zimeondoa sehemu yake, na sehemu hiyo ni kubwa. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa usalama inaoushughulikia kila mwaka unatokana na makosa ya memori. Rust, Go, Python na Java huzuia aina nyingi za makosa hayo, na anayeanza mradi leo bila sababu maalum ya kutumia C asiitumie. Ila lugha hizo hazizuii kukata. Hifadhidata ya MySQL, iliyotumika chini ya tovuti nyingi zilizoandikwa kwa lugha zisizofurika, ilikuwa na kawaida ya kupokea jina refu kuliko safu yake, kulikata, na kutoa onyo ambalo programu nyingi hazilisomi. Ni toleo la 5.7, la mwaka 2015, lililofanya kukataa kuwa hali ya kawaida. Programu ilikuwa salama kwa vipimo vyote vya usalama, na jina la mtu lilikuwa limekatwa.

Wapo watakaosema kwamba ukubwa maalum hauepukiki. Ni kweli, na si kosa. Pasipoti ni ushahidi kwamba kikomo kinaweza kuwekwa kwa heshima. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka mistari miwili ya herufi 44 chini ya ukurasa wa picha ili isomwe na mashine, na majina yamepewa nafasi 39. Jina lisipoenea, pana kanuni zilizoandikwa za namna ya kulifupisha, ritifaa huondolewa kwa kanuni, hivyo Ng'ang'a husomeka NGANGA katika kila nchi, na jina kamili hubaki limeandikwa juu yake kwa macho ya binadamu. Kikomo kimetangazwa, namna ya kukata imetangazwa, na kilichokatwa hakikupotea. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika mifumo mingi inayoandikisha watu wetu.

Kenya ina sheria inayogusa suala hili moja kwa moja, ingawa sijaona ikihusishwa nalo mara nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za mtu ahakikishe ni sahihi, na inampa mwenye taarifa haki ya kudai zisahihishwe. Jina lililokatwa ni taarifa isiyo sahihi, hata kama aliyelikata ni fankisheni ya mfumo endeshi. Mtu wa Ngaremara hawezi kudai kusahihishwa kwa kitu ambacho hakuonyeshwa kimekatwa, kwa hiyo wajibu unamwangukia aliyetengeneza mfumo na aliyeununua.

Kwa wanaonunua, katika serikali za kaunti, mashirika na vyama vya ushirika, ombi langu ni moja: andikeni kwenye zabuni kwamba mfumo hautakata maandishi yoyote bila kumwarifu anayeingiza, kisha mjaribu wenyewe kabla ya kulipa. Ingizeni Ngare Mara, Oldo/Nyiro, Murang'a kwa ritifaa zote mbili, Elgeyo-Marakwet, na mtu mwenye majina manne marefu. Hifadhini, fungeni, fungueni tena, mlinganishe herufi kwa herufi. Mfumo unaorudisha chini ya kile ulichopewa usilipiwe mpaka urekebishwe.